Dawa ya Saa Sita Mchana

Sista Shakila wa kambi ya macho alikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja wa kope na siku tatu za kuwamaliza, kwa hiyo hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Alimshika Filomena kidevu, akamgeuzia uso dirishani, akamwinulia ngozi ya jicho la kushoto, kisha la kulia. Alipofika la kulia akaguna.

"La kushoto limeshaondoka. Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tano."

"Na hizi kope zinazokuchoma, miaka yote hiyo ulikuwa unazifanyaje?"

"Nang'oa." Filomena akafungua fundo la khanga akatoa kibano chake, kidogo, chenye kutu kwenye mkunjo. Alikitoa kwa heshima, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Sista akakichukua, akakitia kwenye ndoo ya taka bila hata kumuuliza.

"Mama yangu, nisikilize. Kope zako zimegeukia ndani. Kila ukipepesa zinakwaruza jicho. Ukiendelea kuzing'oa zinaota nyingine, ngumu zaidi, na mwakani utakuwa unashikwa mkono kwenda chooni. Ijumaa daktari anakupasua hapa juu, anaugeuza ukingo wa jicho utazame nje. Dakika ishirini. Kazi siyo kupasua. Kazi ni siku kumi za nyumbani."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Asiingie kwenye moshi. Asipulize moto. Asiiname. Asibebe kitu kichwani. Asipikiche jicho, maji yasiliguse, alale kichwa kikiwa juu. Dawa ya tyubu mara tatu kwa siku: asubuhi, saa sita mchana na jioni. Siku ya kumi nyuzi zinatolewa. Filomena alisikiliza. Jamani, huyu dada alikuwa anamtajia maisha yake yote ya Kinole, kimoja baada ya kingine, na kumwambia asiyaguse. Kule mlimani asubuhi huanza kwa kuinama jikoni kupuliza kuni mbichi, na huisha kwa kupandisha mkungu wa ndizi kichwani.

"Atakaa kwangu, hapa mjini Mafiga," alisema Theresia, binti yake wa pekee, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti. "Sisi tunapikia gesi."

"Vizuri. Nani atampaka dawa?"

"Mimi."

"Unafanya kazi?"

"Kiwandani. Leo napumzika, ila siku nyingine naingia saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa kumi na mbili jioni."

"Basi saa sita mchana hupo."

"Saa sita atajipaka mwenyewe."

Sista Shakila aliweka kalamu chini. "Ataona na nini? Jicho lililokufa limwelekeze lililoshonwa?" Akainamia meza. "Kambi iliyopita tulimpasua mama mmoja kutoka huko huko kwenu mlimani. Nyuzi safi kabisa. Karudi siku ya kumi jicho linanuka, na tyubu ya dawa iko kwenye mkoba haijafunguliwa. Kila mtu nyumbani alidhani mwenzake anapaka. Sirudii tena. Ijumaa njooni na huyo mtu wa saa sita. Nataka kumwona, nimfundishe, nimwone akipaka. Asipokuwepo, simwingizi mama kwa daktari. Sitaki jina. Nataka mtu."

Theresia akaushika mgongo wa kiti. Mama yake akatazama miguu yake. Wote wawili walikuwa wanamjua mtu wa saa sita. Alikuwa nyumbani Mafiga muda ule ule, barazani, mguu juu ya cherehani, anashona sare za shule. Hawakumtaja, kwa sababu mtu huyo alikuwa Eustace, mume wa Theresia, na Filomena alikuwa mama mkwe wake.

*

Asiyejua mambo ya ukwe atasema, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba kwa ukoo wa Filomena mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawali sahani moja, hawapeani kitu mkononi, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Heshima hiyo hufunguliwa kwa khanga na kuku, mbele ya wajomba wanne wa ukoo, wakae, wale, waseme sasa basi, tazamaneni. Kwa Eustace na Filomena kikao hicho kilikuwa hakijafanyika. Mwaka wa kwanza palikuwa na msiba, mwaka wa pili mjomba mmoja aliumwa, na baada ya hapo kila mtu alizoea. Miaka sita ilikuwa imepita. Filomena alikuwa na mkwe wa sauti na mgongo.

Hata namna yao ya kuzungumza ilikuwa ya peke yake. Eustace alikuwa anaongea na mlango.

"Mwambieni mama chai iko kwenye chupa," alisema Jumatano, kesho yake baada ya vipimo, akiwa barazani, amegeukia barabarani. Ndani hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia mama.

"Mwambieni baba Lucy nimeshakunywa, nashukuru," Filomena akauambia mlango ule ule.

Eustace alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwembamba. Kwao pia mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, lakini kule angekuwa ameshamsalimia uso kwa uso zamani. Hakuwahi kulalamika. Tangu aliposikia habari za upasuaji alikuwa anaandaa chumba kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, cha kupanga. Lucy, binti yao wa miaka minne, alikuwa ameshapelekwa Mikumi kwa shangazi yake ili asije akamparamia bibi. Eustace mwenyewe alikuwa ameshahamia kulala Mwembesongo, kwenye meza ya kukatia nguo ya rafiki yake Abdi, mpaka siku zote kumi ziishe, kwani mkwe hawezi kulala chini ya bati moja na mama mkwe. Abdi alicheka sana, akamwambia alete na mto wake. Eustace akashona mto, lakini si wake: aliushona mrefu, akaujaza vipande vya kitambaa, uinue kichwa cha mgonjwa. Akashona pazia zito la dirisha kuzuia vumbi. Akafunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni ili mama aishike siku ya kwanza, jicho zima likiwa limefungwa na bovu halioni kitu.

Theresia aliporudi kazini jioni alikuta kamba ile akakaa chini kwenye kizingiti, akalia. Hakulia kwa huzuni tu. Alilia kwa hasira pia.

"Umefikiria mpaka choo," alimwambia mumewe. "Mpaka choo! Na hicho kitone cha dawa, nani atampaka?"

"Mimi ningempaka," Eustace akasema polepole. "Tatizo si mimi, mama Lucy."

"Kwani tatizo ni nani?"

Ndani, Filomena alikuwa anasikia kila neno, na alijua kwamba tatizo ni yeye.

"Omba ruhusa," aliuambia ule mlango, kwa sauti ya chini.

"Mama, mimi ni kibarua. Nimeomba Ijumaa moja tu, msimamizi kaniangalia kama nimemwomba figo. Nikikosa siku mbili jina langu linafutwa. Tutakula nini, nyuzi?"

Aliyewaokoa jioni ile, au aliyeonekana amewaokoa, alikuwa Shamsia, mpangaji wa chumba cha pili. Shamsia aliuza mihogo ya kukaanga karibu na stendi ya bodaboda, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alisikia kelele, akaja na sufuria yake mkononi.

"Saa sita tu? Mimi nitakuja. Mihogo namwachia jirani dakika kumi, nampaka bibi, narudi. Nyie watu wa mlimani mnajitesa bure!"

Filomena alimshika mikono yote miwili akamshukuru mara tatu. Usiku ule alilala.

*

Alhamisi saa nne asubuhi akashuka Laurenti kutoka Kinole, na mikungu miwili ya ndizi na kifurushi cha mdalasini. Laurenti ni mdogo wake Filomena, ndiye mjomba wa Theresia, na kwa Waluguru mjomba si mtu wa kusalimia tu. Theresia alikuwa kazini. Laurenti alipomwona Eustace barazani akamsalimia kwa kichwa, akaingia ndani kwa dada yake. Alitazama pazia, mto, kamba.

"Nani kafanya haya?"

"Baba Lucy."

"Hm." Akakaa kwenye stuli. "Dada, huko juu wanasema unakuja kuguswa uso na mkwe."

"Nani kasema?"

"Mlima mzima. Waliopimwa nawe wamerudi na habari za mtu wa saa sita."

"Nitapakwa na Shamsia, mpangaji mwenzao. Mwanamke."

Laurenti akashusha pumzi, na ikaonekana wazi kwamba alikuwa ameibeba pumzi ile tangu Kinole. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda dada yake, na alikuwa ametembea tangu kulipopambazuka kwa ajili hiyo. Lakini alikuwa na hofu yake. Filomena ndiye mwanamke mkubwa wa ukoo sasa. Yeye ndiye anayekaa mbele wakati wa kugawa mashamba ya kina mama, neno lake ndilo linalofunga kikao. Akisemwa kwamba amevunja heshima na mkwe bila wajomba kukaa, kesho nani atamsikiliza?

"Kwa nini msikae leo?" Filomena akamuuliza. "Kuku tunanunua hapa hapa sokoni. Khanga ninayo."

"Wajomba wanne, dada. Mmoja yuko Ifakara. Mmoja hatoki kitandani. Labda Agosti, baada ya karafuu."

"Agosti nitakuwa sikuoni wewe."

"Basi rudi nyumbani. Nitakutafutia mtu wa kukupaka."

"Nani? Mkeo yuko kwa binti yenu anamlea mzazi. Na jikoni kwako ukiingia saa sita unatoka unalia hata kama hujafiwa."

Laurenti akacheka bila kutaka. Kisha akatazama mikono yake. Kule barazani cherehani ilikuwa imesimama muda mrefu sana. Eustace alikuwa anasikia. Hatimaye akauambia ukuta, "Mwambieni mjomba kuna maji ya kunywa kwenye ndoo yenye mfuniko." Laurenti hakuyanywa. Alisema atalala kwa ndugu Mwembesongo, na kesho ataongozana nao kambini, aone mwenyewe.

"Uone nini?"

"Nione anayekupaka ni nani."

*

Kambi ilikuwa kwenye kituo cha afya, madawati matatu chini ya turubai, wagonjwa wamekaa kwa zamu, wengine tayari wameshafungwa bandeji nyeupe wanaongozwa kama wanaokwenda kubatizwa. Ijumaa ile walifika saa moja asubuhi: Filomena, Theresia, Shamsia aliyevaa dera jipya, na Laurenti nyuma yao. Eustace alikuja pia kwa sababu ndiye aliyebeba mto na blanketi. Hakuingia chini ya turubai. Alikaa kwenye jiwe karibu na lango, akaupa mlango mgongo, mto mapajani.

Wakaitwa saa sita kasoro. Wakati huo walikuwa wamebaki watu watatu, na habari ilikuwa imeshazunguka kwamba daktari anaondoka saa nane kwenda wilaya nyingine na hatarudi mwaka huu.

"Mtu wa saa sita?" Sista Shakila akauliza.

"Mimi hapa!" Shamsia akasema, akasogea mbele.

"Nawa mikono." Shamsia akanawa kwa sabuni. "Nawa tena." Akanawa. Sista akamshika kidole cha shahada, akakiangalia. Kucha zilikuwa na rangi ya chungwa pembeni. "Unafanya kazi gani?"

"Nauza mihogo."

"Na pilipili?"

"Mihogo bila pilipili nani atanunua, Sista?"

"Unaipondaje?"

"Naipasua kwa mkono, naifinya."

Sista alikichukua kidole kile, akakigusisha kwenye mdomo wake wa chini, akakiachia. Watu wote kwenye dawati wakanyoosha shingo. Ikapita nusu dakika. Sista akaulamba mdomo, macho yakamtoka machozi.

"Pilipili gani hii?"

"Mbuzi," Shamsia akasema kwa sauti ndogo.

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na moja."

Kuna mtu alicheka. Shamsia akarudisha mkono wake nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeshikwa na sukari. Mwanamke ambaye sauti yake husikika mtaa mzima, machozi yalimlengalenga.

"Mama, una moyo mzuri," Sista akamwambia. "Lakini kidole hiki kikigusa nyuzi zake, huyu mama atapiga kelele mpaka Kinole wasikie, na atapikicha, na nyuzi zitakatika. Nani mwingine yupo nyumbani saa sita?"

Laurenti akakohoa. Theresia alimtazama mama yake, na mama yake akatazama chini.

"Si yule pale!" Shamsia akasema, kwa kuwa aibu ilikuwa imemchosha na alitaka imtoke. "Mume wake. Anashinda nyumbani kutwa nzima. Yule aliyekaa kwenye jiwe kaupa mlango mgongo."

"Mwiteni."

"Sista," Laurenti akasimama, "yule ni mkwe wake."

"Ana mikono?"

"Sista, kwetu haiwezekani. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Mimi ni mtu wa macho." Sista Shakila hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, tangu asubuhi hajanywa hata chai. "Baba yangu, mimi sikuja kuvunja mila zenu. Mnaweza kuondoka naye, sina neno. Nitamwita anayefuata. Mzee Ezekiel!"

Mwishoni mwa dawati mzee mmoja akaanza kutafuta fimbo yake.

Filomena aliisikia fimbo ile ikigonga saruji. Aliogopa. Aliogopa giza kuliko kitu chochote alichowahi kukiogopa: kushikwa mkono kwenda chooni, kuwekewa chakula asijue ni nini, kumsikia Lucy anakua bila kumwona. Na aliogopa aibu karibu sawasawa na giza. Alijua nani kule Kinole atacheka kisimani, na atasema maneno gani, na kwa sauti gani. Hofu zote mbili zilikuwa zimemkaba, na kwa kweli hakujua ipi kubwa mpaka aliposikia mdomo wake unasema.

"Mzee Ezekiel, nisamehe, kaa kidogo. Theresia, kamwite mumeo."

"Dada!" Laurenti akasema.

"Nimesikia, Laurenti."

Eustace akaja, mto bado kifuani, macho sakafuni. Alipita mbele ya madawati yote akiwa ameinamisha shingo. Alinawa. Sista akampa tyubu, akamwelekeza: vuta ngozi ya chini kwa kidole hiki, mwambie atazame juu, weka dawa kiasi cha punje ya mchele, usiguse jicho kwa ncha ya tyubu. Apake sasa hivi, ajaribie hapa. Eustace akasogea, akanyoosha mkono, uso wake bado umegeukia miguu ya Filomena. Tyubu ilikuwa inaelekea sikioni.

"Baba, unapaka sikio?" Sista akauliza, na watu wakacheka tena. Masikio ya Eustace yaliwaka moto. Akarudi nyuma hatua moja, mkono ukiwa bado hewani.

"Mwambieni mama anisamehe," akasema. "Mimi..."

"Baba Lucy," Filomena akamkatisha.

Hakuwahi kumwita hivyo, moja kwa moja, akiwa mbele yake. Hata Theresia alishtuka.

"Hapa hakuna wa kuniambia. Niambie mimi. Na nitazame. Watu wote hawa wananitazama tangu asubuhi, itakuwa wewe tu mwenye kazi ndiye usinitazame?"

Eustace akainua uso.

Filomena alimwona kwa jicho lake moja lenye ukungu. Alikuwa mkubwa kuliko sauti yake. Ndevu zilikuwa na mvi kidevuni, na juu ya nyusi palikuwa na kovu la zamani. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mtu anayesomewa hukumu. Miaka sita alikuwa anadhani mkwe wake ni mtu mtulivu tu, asiye na mengi. Kumbe alikuwa mwoga wa kumkosea, sawasawa na yeye alivyokuwa mwoga wa kukosewa. Filomena aliona huruma, na huruma ile ilimuuma kwa sababu ilikuwa imechelewa sana.

"Tulia kwanza, baba," akamwambia. "Sikimbii."

Eustace akavuta pumzi. Kidole kikagusa shavu, Filomena akaruka. Wakajaribu tena. Mara ya tatu punje ya dawa ikakaa pale pale ilipotakiwa.

"Umefaulu," Sista akasema, tayari akiwa na daftari. "Jina la mhudumu? Eustace. Uhusiano na mgonjwa?"

"Andika mtoto wake," Laurenti akasema haraka, kwa sauti ya kuomba. "Andika tu mtoto, Sista, inatosha."

"Andika mkwe," Filomena akasema.

"Dada, hilo daftari litasomwa..."

"Lisomwe. Kama ni kusemwa, nisemwe kwa kitu nilichokifanya kweli."

Sista akaandika. Laurenti alichukua kofia yake kwenye dawati, akatoka nje ya turubai, akapita lango bila kumuaga mtu. Filomena alimsikia akiondoka. Mlango wa chumba cha daktari ulipofunguliwa aliingia akilia, na Sista akamwambia alie sasa amalize, kwa sababu kesho machozi hayatakiwi.

*

Jumamosi Theresia alikuwa kiwandani. Asubuhi Shamsia, aliyejifunga mifuko ya plastiki mikononi kwa tahadhari ingawa hakuna aliyemwambia, alimwongoza Filomena kituo cha afya kwa bajaji, bandeji ikafunguliwa, akamrudisha. Jicho lilikuwa limevimba kama ngumi, nyuzi nyeusi tatu zimepangana juu yake. Lakini lilikuwa linaona. Liliona dirisha, na pazia, na mto ule mrefu.

Saa tano na nusu Shamsia akaenda kwenye mihogo yake. Filomena akabaki amelala, kichwa juu, anasikiliza cherehani barazani. Wasiwasi ulikuwa umerudi wote. Kambini walikuwa mbele ya watu, kulikuwa na Sista, kulikuwa na haraka. Hapa palikuwa na chumba, kitanda cha binti yake, na mwanamume nje. Alijiuliza kama jana alikuwa na akili timamu.

Cherehani ikasimama ghafla.

"Shikamoo mjomba," alisikia Eustace akisema.

"Marahaba."

Laurenti! Filomena alishika ukingo wa shuka. Alisikia kiti cha plastiki kikivutwa, kikikaliwa. Huko barabarani pikipiki ikapita, ikafuatwa na nyingine. Redio ya jirani ikatangaza saa sita kamili. Eustace alikuwa na ndoo ya maji, sabuni na taulo jipya tayari kwenye stuli, lakini hakusimama. Angesimamaje, mjomba amekaa katikati ya baraza, kofia magotini, anamtazama? Dakika zikaenda. Sita na tano. Sita na kumi. Nyuzi zilianza kumvuta Filomena, jicho likaanza kukauka na kuwasha, na mkono wake wa kulia ukaanza kupanda wenyewe kuelekea usoni. Akaukamata kwa mkono wa kushoto.

Alimfikiria yule mama mwingine wa mlimani, ambaye kila mtu nyumbani alidhani mwenzake anapaka.

"Baba Lucy!" akaita, kwa sauti iliyotoka nje mpaka barabarani. "Saa sita haijafika?"

Barazani, Eustace akamtazama mjomba wake wa ukwe. Hakumwomba kwa maneno, lakini alimtazama, na hakuinamisha macho.

Laurenti aligeuza kofia yake mara moja, mara mbili. "Kesi ya wajomba iko pale pale," akasema. "Usidhani imekufa. Kuku utamtoa, na khanga utatoa, na mbuzi wa kosa juu yake."

"Nitatoa, mjomba."

"Agosti."

"Agosti, mjomba."

Laurenti akasimama. Eustace akadhani anaondoka. Lakini mzee alikishika kile kiti kwa mikono miwili, akakigeuza, akakiweka kikiwa kimeupa mlango mgongo, akakaa tena, akitazama barabara. Eustace alinawa mikono mara mbili kama alivyofundishwa, akaifuta, akachukua tyubu, akaingia ndani.

"Tazama juu, mama."

Filomena akatazama juu. Kidole kilikuwa cha baridi na kilinukia sabuni ya kufulia.

Barabarani pikipiki ikapita, kisha nyingine.

"Mmemaliza?" Laurenti akauliza kutoka nje, bila kugeuka.

"Bado," Filomena akajibu. "Mwache aangalie vizuri kama kuna usaha."

"Basi aangalie," Laurenti akasema. "Msiharakishe. Mimi hapa nahesabu pikipiki."